Daraja la Tsavo na Watu Wasioandikwa

Halmashauri ya kitabu hiki cha jubilei ilipogawa kazi, wengine walipewa kuandika habari za makanisa, wengine habari za shule, na sisi tuliagizwa kwenda Tsavo kupiga picha ya daraja la kale la reli na kuileta pamoja na maneno machache ya kutiwa chini yake. Mzee mmoja wa halmashauri alituonya akisema, “Msiwasahau simba, maana watu wawapenda.” Basi tulikwenda. Maneno yamezidi kuwa machache, na wasomaji watuwie radhi.

Twaliondoka Voi alfajiri, watu watatu: sisi tuandikao, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kijana wa kwaya ambaye ndiye fundi wetu wa picha. Kwa gari njia hiyo yapata saa moja tu. Wazee waliokwenda kwa miguu, na mzigo kichwani, waliihesabu kwa siku, na siku zenyewe zilihesabiwa kwa maji. Tulipofika tuliomba ruhusa kwanza kwa wenye reli, kisha kwa askari wa mbuga, kwa kuwa daraja ni mali ya Serikali na ukingo wa mto ni makao ya wanyama. Askari akatuambia tusishuke mtoni peke yetu. Alituongoza yeye mwenyewe, bunduki begani, akatuketisha juu ya jiwe akasema hapa ndipo mwisho wenu.

Mto Tsavo hupata maji yake katika miguu ya Kilimanjaro na katika chemchemi za Mzima, ambazo ndizo zinazowanywesha watu wa Mombasa kwa mabomba. Kwa sababu hiyo haukauki wakati wa kiangazi kama mito mingine ya nyika. Ukisimama ukingoni waona mikoma, na migunga, na vumbi jekundu la nchi yetu limetanda juu ya kila jani. Chini maji yaenda upesi kuliko mtu adhaniavyo. Juu yake lapita daraja, mihimili ya chuma juu ya nguzo imara. Si refu sana, wala si zuri sana. Mtu apitaye kwa basi katika barabara kuu aweza kulipita bila kuinua macho. Jirani yake yapita reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei mwaka 2017, kwa nguzo za saruji zilizo ndefu kuliko minara ya makanisa yetu yote, na abiria waipandao hawana hata dakika moja ya kutazama chini.

Kijana wetu alihangaika sana na picha yake. Akasema, “Mwalimu, nikirudi nyuma nipate daraja zima, mtu aliyesimama pale haonekani tena. Nikisogea nimpate mtu, daraja lakatika.” Tukamwambia apige zote mbili, tutachagua nyumbani. Alipokuwa akipiga, sisi tuliketi juu ya lile jiwe tukafikiri habari za mahali pale.

Yapasa kwanza tukumbuke ya kwamba Tsavo haikuanza na reli. Kabla ya chuma palikuwa na kivuko. Misafara ya Wakamba ilipita hapo ikichukua pembe za ndovu kwenda pwani, na misafara ya watu wa pwani ikachukua nguo na shanga kwenda bara. Katika misafara mingine walikuwamo watu waliofungwa shingo kwa shingo. Mahali penye maji ya hakika katikati ya nyika kavu kila msafara hupenda kulala, na mahali walalapo wengi wenye kuchoka, hapo pia wengi hubaki. Wengi husema kwamba jina la Tsavo maana yake ni machinjo, na kwamba lilitokana na simba. Sisi hatuwezi kukubali sehemu hiyo ya pili, kwa kuwa Johann Krapf alivuka mto huu mwaka 1849, alipokuwa akienda Ukambani, naye aliliandika jina lake karibu miaka 50 kabla ya simba wale kuvuma.

Krapf huyo ndiye aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe huko mwaka ule ule, na pamoja na Johannes Rebmann akaanza kazi Rabai mwaka 1846. Rebmann alipita Taita mwaka 1848 akauona mlima wa Kilimanjaro wenye theluji, na wenye elimu wa Ulaya wakamcheka kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa katika nchi ya jua kali. Hayo walimu wetu huwafundisha watoto, nasi hatutayarudia. Lakini iko habari nyingine ya njia hii ambayo haisomwi sana, nayo yatuhusu sisi makatekista kuliko wengine.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alitoka Rabai kwenda Uganda kwa njia ya Taita na Ukambani na Umasai, pamoja na wapagazi mia mbili na zaidi. Msaidizi wake alikuwa Mwafrika, William Jones, aliyetwaliwa katika utumwa akiwa mtoto, akasomeshwa India, na mwaka ule ule akawekewa mikono kuwa shemasi. Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya watu kwa Sundu, mahali paitwapo sasa Mumias, akaendelea mbele na watu kama 50. Akauawa Busoga mwezi wa Oktoba pamoja na karibu wote aliokwenda nao. Jones alipopata hakika ya habari aliwakusanya waliosalia akawarudisha pwani. Walipoingia Rabai, Februari 1886, walitanguliza bendera ya kitambaa cha buluu yenye neno moja lililoshonwa kwa kitambaa cheupe, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Askofu ana makanisa yenye jina lake, na ni haki yake. Wale wapagazi waliouawa pamoja naye hawana hata mstari mmoja katika kalenda zetu. Na yule shemasi aliyewarudisha mamia ya watu hai katika njia ile ndefu, ni watoto wangapi wa shule zetu wawezao kulitaja jina lake? Tulimwuliza hayo mwalimu tuliyekuwa naye, naye akakiri kwamba hata yeye alilisikia akiwa mtu mzima.

Mambo yaliyofuata tutayapita upesi. Kampuni ya Waingereza ilipewa hati mwaka 1888, ikashindwa kwa gharama, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Waingereza walitaka njia ya kufika Uganda na katika chimbuko la Nili kabla hawajatanguliwa na wengine. Tena walisema, na wamisheni wakawaunga mkono, kwamba gari la moshi litaua biashara ya watumwa, kwa kuwa behewa moja lachukua mizigo ya wapagazi mamia. Neno hilo lilikuwa na kweli ndani yake. Lakini hata reli ilipokwisha kufika ziwani, utumwa ulikuwa ungali halali pwani. Sheria ya kuuondoa ilikuja mwaka 1907.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma. Kutoka Kilindini iliingia nyika ya Taru, ambako maji ya kunywa wafanya kazi na ya kunywesha injini yalichukuliwa kwa treni. Ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na pwani ya ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, Desemba 1901. Kazi ile ilifanywa hasa na Wahindi walioletwa kwa mkataba, karibu watu 32,000. Katika hao walikufa 2,493, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao hawawezi kazi tena. Hesabu hizo twazijua hata mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kila Mhindi alikuwa na mkataba wake na namba yake, na akifa, karani hufuta namba. Waafrika nao walifanya kazi humo, Wakamba na Wataita na Waswahili na Wanyamwezi, wakifyeka miti, wakichimba, wakichukua mawe na maji. Hesabu ya waliokufa kati yao haimo katika jumla ile.

Mwezi wa Machi 1898 alikuja Tsavo mhandisi aitwaye John Henry Patterson kujenga daraja la kudumu, maili 132 kutoka Mombasa. Reli yenyewe ilikuwa imekwisha kuvuka mto kwa daraja la muda, na maelfu ya wafanya kazi wakasonga mbele pamoja nayo. Waliobaki Tsavo walikuwa mamia tu, wametawanyika katika kambi mbalimbali. Jambo hili yafaa kulishika, maana ndilo lililowafanya watu wale kuwa mawindo mepesi. Penye maelfu, simba akichukua mmoja, wengi hawajui. Penye mamia, kila mtu huamka asubuhi akitazama ni hema gani iliyo wazi.

Mawe ya nguzo yalichongwa palepale nyikani. Mwashi wa mawe alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua rupia 12, na kwa hiyo wengi walijiita waashi ambao hawajapata kushika nyundo maishani mwao. Patterson alipowapima kazi na kuwapunguzia ujira, baadhi yao wakafanya shauri la kumwua. Sisi hatumsifu mwenye kupanga kuua. Lakini aliyepata kuona tofauti ya rupia 45 na rupia 12 mbele ya watoto wenye njaa hatawashangaa sana wale waliojiita waashi.

Habari za simba zinajulikana, nasi tutazisema kwa ufupi. Walikuwa wawili, madume yasiyo na manyoya shingoni, wakaja usiku baada ya usiku kwa muda wa miezi mingi. Walipenya maboma ya miiba. Walimchukua Ungan Singh, jemadari, kutoka hemani mwake. Waliingia hospitali wakamchukua mchota maji, na hospitali ilipohamishwa wakaifuata. Tarehe 1 Desemba 1898 Wahindi wengi walikataa kazi. Walisema walitoka kwao kuitumikia Serikali, wala hawakuja kuwa chakula cha simba. Wakalala juu ya reli mbele ya treni mpaka ikasimama, wakaipanda, wakaenda zao pwani, na kazi ya daraja ikasimama kwa muda wa wiki tatu. Simba wa kwanza aliuawa na Patterson tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29. Daraja likamalizika mwanzoni mwa mwaka 1899.

Sasa twaja kwenye neno lililotufanya tuandike kurasa hizi badala ya mistari miwili.

Patterson aliandika kitabu kilichotolewa London mwaka 1907. Humo atoa hesabu ya waliouawa na simba: Wahindi 28, na pamoja nao Waafrika makumi kadhaa, ambao, kama asemavyo mwenyewe, hawakuandikwa katika daftari lolote la Serikali. Hasemi neno hilo kwa ukali wala kwa aibu. Alilisema kama mtu asemavyo kwamba mvua ilinyesha. Baadaye, mwaka 1925, alitoa hesabu nyingine, watu 135. Kutoka 28 hadi 135 ni mwendo mrefu, na nafasi yote iliyo katikati imejaa watu wetu.

Katika Waafrika wote waliokufa pale kwa simba, mmoja twamjua kwa jina katika kitabu hicho. Aliitwa Abdullah, sajini wa askari, aliyefuatana na bwana wake, mkuu wa wilaya, Bwana Whitehead. Walishuka katika treni usiku wakaenda kwa miguu kuelekea kambi, Abdullah akichukua taa. Simba akamrukia Whitehead mgongoni, akamparua. Kisha akamwacha akamtwaa Abdullah. Maneno yake ya mwisho yaliyoandikwa ni ya Kiswahili, nayo yalikuwa ya kumwonya bwana wake ya kwamba ni simba. Huyu aliandikwa kwa sababu alikufa karibu na Mzungu. Wengine walikufa karibu na wenzao tu.

Tena watu wasidhani ya kwamba simba ndio waliokuwa msiba mkubwa wa miaka ile. Kabla yake sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wengi na wanyama wengi wa mwitu. Kisha mvua zikakosa, mwaka 1897 na 1898, na njaa ikaingia Taita na Ukambani na nchi ya Wagiriama. Wakamba waliiita Ngomanisye, maana yake iliyofika kila mahali. Wagiriama waliiita Magunia, kwa ajili ya magunia ya mchele yaliyokuja kutoka ng'ambo. Baada ya njaa ikaja ndui. Wenye elimu ya wanyama husema kwamba simba hujifunza kula watu mahali ambapo mizoga ya watu imelala njiani bila kuzikwa, na mawindo yake ya desturi yamepungua. Mambo hayo mawili yote yalikuwako Tsavo, na hakuna hata moja lililoletwa na simba. Fikirini tu: treni zikapita na mchele wa wafanya kazi, na kando ya reli waketi watu ambao hawajaona chakula cha kutosha kwa msimu mzima. Kijana mwenye nguvu katika milima ya Taita alikuwa na shauri gani? Alishuka akaenda kuomba kazi kwenye chuma.

Hapo tumefika kwa yule bibi.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja mzee, mshiriki wa siku nyingi, ambaye kila mwaka mwezi wa Novemba, tunaposoma majina ya waliotutangulia, hukaa benchi la mbele upande wa dirisha. Miaka kadhaa iliyopita alitujia na jina la ndugu wa babu yake. Alisema, “Mwanangu, huyu alishuka kwenye reli mwaka wa njaa ili apeleke chakula nyumbani. Mara mbili alipeleka mchele. Mara ya tatu hakurudi. Mama yake alimngoja mpaka akafa. Baba alituambia tusiliache jina lake, na mimi sasa sina wa kumwachia.” Hakujua kama aliuawa na simba, au kwa homa, au kwa jiwe, au kwa maji ya mto. Alitaka jina lisomwe, basi.

Nasi tulifanya nini? Tulifungua daftari. Daftari la kanisa lina safu zake: tarehe ya ubatizo, tarehe ya kufa, mahali pa kaburi. Tukamwambia kwa upole, na upole huo leo watutia haya, “Bibi, huyu hakubatizwa, wala kaburi lake halijulikani, wala siku aliyokufa. Tutamwandika wapi?” Akasema, “Haya, Mwalimu,” akaondoka. Hakurudi kuuliza tena. Twasema neno hili waziwazi kwa kuwa kitabu cha jubilei hupenda kuandika mema tuliyoyafanya, na hili nalo tulilifanya.

Siku ile juu ya jiwe, tulipokuwa tukimsimulia mwalimu wetu habari ya yule karani wa reli asiyekuwa na safu kwa Waafrika, mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Na daftari letu, Mwalimu, lina safu ngapi?” Aliijua habari ya bibi; kijiji hakifichi neno. Hatukuwa na jibu, na kijana wa picha akatuokoa kwa kutuita tutazame nyani waliokuwa wakivuka daraja mmoja mmoja juu ya reli kama watu waendao sokoni.

Sasa tuwarudie simba, kwa kuwa tuliagizwa. Patterson alitumia ngozi zao kama mazulia kwa muda wa miaka 25, na mwaka 1924 akaziuza pamoja na mafuvu yao kwa jumba la makumbusho la Field katika Chicago, Marekani, kwa dola 5,000. Huko wamejazwa wakasimamishwa nyuma ya kioo, na watu huenda kuwatazama hata leo. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na manyoya yao ili wajue walikula nini, wakapata kwamba mmoja alikula watu kama 24 katika miezi yake ya mwisho na wa pili kama 11, jumla kama 35. Nasi twaona kwamba hesabu ya 135 ilikuwa imetiwa chumvi. Lakini ni ajabu hii: ili kujua wamekufa wangapi wa kwetu, ilibidi waulizwe simba, maana watu hawakuandika.

Kisha mwaka 2024 wataalamu wengine walitoa vinywele vilivyokuwa vimekwama katika matundu ya meno mabovu ya simba wale, wakavichunguza kwa namna mpya. Wakakuta nywele za twiga, na punda milia, na choroa, na kuro, na nyumbu. Wakakuta pia za mwanadamu. Hizo hawakuzichunguza kwa undani. Walisema huenda wazao wa watu wale wangali wako katika nchi hii, na haifai kuendelea bila kuzungumza nao kwanza.

Tulimsomea bibi habari hiyo mwaka huu, nyumbani kwake, akiwa anachambua mchicha. Alituuliza mara mbili, Chicago iko wapi? Tukamweleza. Akauliza kama nywele hizo zitarudishwa. Tukasema hatujasikia. Akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema, “Basi wale wazungu wamejua kwamba tupo.” Hakusema zaidi, wala hakutugusa kwa neno lolote kuhusu daftari. Ingekuwa rahisi kwetu kama angalitulaumu.

Yako mambo mengine ya daraja na reli hii ambayo nafasi haitoshi kuyaeleza. Wakati wa vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wameishika Taveta, nao wakatuma watu usiku kuja kuivunja reli kwa baruti kati ya Voi na Tsavo na kwingineko. Mwaka 1915 Waingereza wakajenga njia ya tawi kutoka Voi kwenda Maktau ili wapeleke majeshi. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu mengi, na huko nako hadithi ya daftari ni ile ile. Wahindi wa reli hawakuwasahau wa kwao: Masingasinga walijenga hekalu lao Makindu mwaka 1926, na mpaka sasa msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa humo chakula bila kulipa. Sisi wenyewe tumekula dengu na chapati hapo zaidi ya mara moja, na tulipokuwa tukirudi tuliwaza kwamba katika njia yote ile, kutoka Rabai mpaka mbele ya Tsavo, hatujui jiwe hata moja tulilolisimamisha sisi kwa ajili ya mpagazi.

Tuliporudi Voi tulimwendea kasisi wetu tukamweleza shauri zima. Tulitazamia kwamba atasema neno la kanuni, maana kanisa letu lina uangalifu katika habari ya wafu, na ni vema liwe nao. Akatuuliza, “Bibi ataka tumwombee, au ataka tumkumbuke?” Tukasema ataka jina lisomwe. Akasema, “Kusoma jina si fundisho. Liandikeni.” Tukauliza, katika safu gani? Akachukua rula, akapiga mstari mpya pembeni mwa ukurasa kwa mkono wake. Juu yake hakuandika kichwa chochote.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba Jumapili tatu baada ya ibada, tukauliza kama yuko mwingine aliyeshuka kwenye reli miaka ile asirudi. Tulidhani tutapata mmoja au wawili. Tulipata kumi na moja. Wengine ni majina kamili pamoja na jina la ukoo, wengine ni neno moja tu ambalo mjukuu amelishika bila kujua maana yake. Mmoja ni mwanamke, aliyefuata msafara wa wafanya kazi ili auze ndizi. Majina hayo hatuyapigi chapa hapa, kwa kuwa jamaa zao wametuomba yakae kanisani. Nasi tumewaambia halmashauri hivyo, wakakubali.

Katika picha mbili, tumechagua ile ya karibu. Daraja limekatika upande wa kulia, kama kijana alivyotuonya, na nguzo moja yaonekana nusu. Aliyesimama mbele ni yule askari wa mbuga, aliyekubali kupigwa picha kwa sharti kwamba bunduki isionekane.

Na Novemba iliyopita majina yalisomwa. Msomaji alikuwa kijana, amezaliwa mjini, na alipolifikia lile la ndugu wa babu alilitamka vibaya. Bibi akainuka katika benchi lake akalisema sawasawa kwa sauti kubwa, kanisa zima likisikia. Na kijana akarudi nyuma mstari mmoja, akalisoma tena.